Wingu la Uji wa Mchele

Sikumpenda wifi yangu, na sitaki mtu aje kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa aniambie kwamba moyoni nilikuwa nampenda ila sijijui. Sikumpenda. Sikumpenda siku kaka yangu alipomleta kutoka Kilolo, amesilimu juzi tu, hajui hata kufunga mtandio. Nikamchukia kabisa kaka alipofariki na yeye akabaki pale Ipogolo nyumbani kwa mama yetu, anazunguka uani na ndoo yake kama ndiye aliyezaliwa pale. Kwa mama tulizaliwa wawili, mimi na kaka. Kaka akatangulia, nikabaki mmoja. Sasa huyu wa pili ametoka wapi?

Mtoto hawakujaliwa. Nyumba na kiwanja ni mali ya mama, si ya kaka, kwa hiyo hapakuwa na mirathi ya kugombania. Eda ilipokwisha nilisema kweupe, mbele yake: arudi kwao. Mama ana mtoto wa jicho macho yote mawili, watu anawaona kama moshi. Akageuza uso upande wa sauti yangu. Halafu akasema, "Mpe msimu mmoja. Ile nyumba ya kuoteshea nyanya aliyoiacha mwanangu, akiivuna vizuri, atakaa na mimi mpaka nife. Nyanya zikifa, aende kwao, sitamzuia."

Nikakubali haraka haraka. Nyanya nazijua. Nimeona wanaume wazima wakilia mbele ya nyanya. Nikasema huyu hamalizi msimu, na nikarudi Mbeya kwenye duka langu la vitambaa nikiwa na raha zangu.

Hiyo nyumba ya nyanya kaka aliisimamisha kwa nguzo za miti ya milingoti, akaifunika nailoni juu na ubavuni. Nailoni niliinunua mimi, kwa mkono wangu. Nilichagua ile inayopitisha kila kitu, ukiinua macho unamwona kunguru akipita. Muuzaji alinitolea na nyingine yenye rangi ya maziwa, akasema wengine wanaipenda. Nikamwambia aniondolee uchafu wake, mmea unataka jua, hautaki ukungu. Hata mtoto wa darasa la sita anajua, wanafundishwa usanisinuru: mwanga, maji, hewa ya ukaa, chakula tayari. Mwanga ukizidi, chakula kinazidi. Nilikuwa na uhakika namna hiyo.

Nilipokuwa mdogo, mwezi wa tatu Iringa ulikuwa mwezi wa mawingu. Jua lilikuwepo, lakini lilikuwa limechujwa, unatembea mchana kutwa hukunji uso. Siku hizi mvua inakuja inavyojisikia. Mara inamwaga wiki nzima mpaka inang'oa madaraja, mara inakata katikati ya Februari, anga inabaki kavu, haina hata kipande cha pamba. Msimu ule wa wifi ilikata. Nikiwa Mbeya napigiwa simu, naambiwa Ipogolo jua linatoboa utosi, na Mungu anisamehe, nilifurahi.

Nilifika kwa mama kumi la mwisho la Ramadhani. Nilibeba nusu gunia la mchele wa Ubaruku, ule wenye harufu yake, kwa ajili ya pilau ya Idd. Nikauweka stoo, nikamwonyesha wifi kwa kidole: huu wa sikukuu, usiguswe. Akasema, "Sawa, wifi."

Siku ya pili, saa nne asubuhi, nikasikia harufu ya wali. Wali! Mwezi mtukufu! Mama alikuwa hafungi kwa uzee wake, lakini yeye hunywa uji wa ulezi. Nikatoka uani nikamkuta wifi kainama kwenye sufuria kubwa la shughuli, anakoroga kwa mwiko, na pembeni yake ndoo ya chokaa.

"We wifi! Mchana wote huu, unapika nini?"

"Uji, wifi. Si wa kula."

"Uji si wa kula ni wa nini? Wa kuoga?"

"Wa paa," akasema, wala hakuinua uso.

Ebo! Nikachungulia sufuria. Mchele wangu. Kule Ubaruku watu wameinama kwenye matope mpaka viuno vimekufa ganzi, mwanamke huyu anauchemsha akapake nailoni.

"Ni chenga tu, wifi. Nimepepeta. Mzima nimeuacha kwenye gunia, kwa ajili ya pilau yenu."

Yenu. Nilisikia hilo neno mpaka kwenye meno.

Akanieleza huku anakoroga. Mama ndiye aliyemfundisha kutia kanzu za marehemu maji ya mchele ili zikae ngumu zikipigwa pasi. Kwetu, watu wenye asili ya pwani, kanzu isiyosimama ni aibu ya mke. Sasa yeye alikuwa amejaribu kupaka chokaa tupu kwenye nailoni ikapukutika, ndipo akakumbuka kanzu. Akachanganya chokaa na uji wa mchele, ikashika. Alikuwa amekwisha kupaka nusu ya paa kabla sijaja, na leo anamalizia nusu iliyobaki.

"Yaani mmea unataka jua, wewe unauzibia? Wewe shuleni ulikwenda kufanya nini?"

"Ingia ndani, wifi," akasema. "Ingia uone, halafu ndiyo unitukane."

Niliingia kwa ajili ya kumtukana vizuri. Upande ambao haujapakwa, jua lilikuwa linashuka kama kisu. Majani ya juu yamejikunja, yamekuwa magumu, na chini yake kivuli cheusi, majani ya kule chini yamekuwa ya njano, yanadondoka. Matunda yapo juu tu, na mengine yana doa jeupe la kuungua. Akanishika kiwiko akanivuta upande wa pili.

"Nyoosha mkono."

Nikanyoosha. Mkono wangu haukuwa na kivuli. Nuru ilikuwa imeenea tu, huku na huku, huwezi kusema inatoka wapi. Akaniinamisha nione chini kabisa, karibu na udongo. Majani ya kule yalikuwa ya kijani yamenona, na matunda yalianzia kwenye kifundo cha mguu yakapanda mpaka kichwani.

"Jua la moja kwa moja," akasema, "ni mtu mmoja kakaa mbele ya sinia. Anakula mpaka anavimbiwa, na bado anapakuliwa. Wenzake wa nyuma wanasikia harufu tu. Ya juu yanajikunja kwa shibe, ya chini yanakufa kwa njaa. Nikipaka, jua linapungua kidogo, lakini linatawanyika. Sinia linazunguka, kila jani linapata tonge lake."

"Nani kakwambia?"

"Nimetazama. Mwaka jana, marehemu akiwa hai, mwezi wa tatu mawingu yalikaa. Tulilalamika jua hakuna, na nyanya zikabeba kuliko miaka yote. Hata moshi wa wachoma milima mwezi wa kumi, ukiwa mwepesi nyanya hazina neno. Ukiwa mzito ndiyo giza, zinadumaa. Nikasema kumbe hazitaki jua jingi, zinataka lililogawanywa. Mwaka huu mawingu hayakuja. Nimejipikia wingu la kwangu."

 Mimi nikishindwa hoja nakuwa mbaya. Nikamwambia nailoni ni yangu, mchele ni wangu, na hiyo elimu ya kwenye sufuria akafundishe kwao. Nikatoka. Lakini nilikuwa nimeona, na huo ndio uchungu wenyewe. Nilijua kwamba nyanya zile zingevunwa, mama angetimiza ahadi, na mwanamke yule angekaa nyumbani kwetu maisha.

Siku ya ishirini na tisa ya mfungo wifi aliondoka asubuhi kwenda Kilolo kuwapelekea wazazi wake sukari ya sikukuu. Walutheri wale, lakini kila Idd hakuwasahau. Mimi nikabaki na usafi. Kwetu Idd haikuti uchafu, hilo halina mjadala. Nilifua mapazia, nikapiga mikeka vumbi, nikasugua masufuria kwa mchanga na jivu mpaka yakang'aa. Chokaa iliyobaki kwenye ndoo nikaipaka baraza na mashina ya miti ya uani, nikaikung'uta ndoo yote. Kisha nikainua macho nikaliona paa la nyumba ya nyanya. Lina michirizi kama uso wa mtoto aliyelia.

Nikachukua ngazi, brashi na sabuni ya unga.

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, kwa hiyo najiuliza mwenyewe: nilisahau yale niliyoyaona ndani? Sikusahau. Nilisema ni usafi. Wageni watapita uani, wataona uchafu ule, watasema binti wa watu kashindwa kumfundisha wifi yake. Hayo yote ni kweli. Na ni kweli vilevile kwamba pale juu mikono yangu ilipata nguvu ambazo kwenye masufuria haikuwa nazo. Nilisugua mpaka kunguru wakaonekana tena.

Mama alikuwa kwenye mkeka wake mlangoni, anageuza tasbihi.

"Nani anasugua?"

"Mimi, mama. Nasafisha kwa ajili ya sikukuu."

"Allah akulipe, mwanangu."

"Amin," nikaitikia, povu linanichuruzika kwenye viwiko.

Wifi alirudi alasiri. Aliingia uani na kikapu kichwani, akasimama. Akatazama paa. Akatazama mfereji wa maji unaopita kando ya ukuta. Akatua kikapu taratibu. Mimi nilikuwa nachambua mchele, nikaendelea kuchambua.

"Wifi, chokaa imebaki?"

"Imeisha. Nimepaka baraza."

"Chenga je?"

"Nimewapa kuku."

"Ahaa," akasema. Ni hilo tu. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, maneno yamepangwa mdomoni, na yeye ananiletea ahaa!

Akakimbia madukani pale barabarani, akarudi mikono mitupu, duka la vifaa limefungwa mpaka sikukuu zipite. Siku ya Idd jua lilitoka kwenye anga iliyofagiliwa. Tulivaa, tukaswali, wageni wakaja wakasifu jinsi palivyo pasafi. Wifi alipakua pilau, akaandika masinia, kisha hakuonekana. Nilimfuata kwa macho. Alikuwa ndani ya nyumba ya nyanya, anafunga kamba kutoka nguzo hadi nguzo. Ameshusha chandarua cha kitandani kwake akakitandaza juu ya kamba. Halafu akaleta nguo nyeupe, mbili, tatu. Nilizitambua. Ndizo alizokalia eda ya kaka yangu. Alikuwa amezifua akazitunza, na sasa anazitandika juu ya nyanya.

Zilitosha matuta mawili. Matuta yalikuwa kumi na mawili.

Mmea uliozoea nuru laini ukiufunulia jua ghafla unaungua kuliko hata ule ambao haujawahi kufunikwa. Hilo nimelijua baadaye, kwa kutazama, kama yeye. Siku ya pili majani yalijikunja. Siku ya tatu yakapauka, maua yakadondoka, na nyanya zikatoka mabaka meupe upande wa jua, laini, zinanuka. Vivuli vilikuwa vimerudi ardhini, vimekatwa wima kama kwa mkasi wangu wa dukani. Chini ya nguo za eda tu ndiko kulikobaki kijani.

Siku ya nne mama akatuita wote wawili.

"Nyanya za mwanangu vipi?"

Nilimtazama wifi. Nikasema moyoni sasa atasema, na akisema nitakana, na nikikana nitaapa. 

"Jua limezichoma, mama," akasema. "Yamebaki matuta mawili."

"Jua tu?"

"Jua, mama."

 Vidole vya mama vilitafuta tasbihi, havikuipata. "Nilisema msimu mmoja," akasema.

"Ndiyo, mama. Ulisema."

Hapo palikuwa na nafasi. Ilikuwa kubwa, ungeweza kupitisha ng'ombe. Mimi nikakohoa.

Aliondoka kesho yake na begi moja. Mlangoni aliniambia, "Wifi, uji wa mama ni saa moja, mwepesi, tangawizi kidogo. Usimpe ukiwa wa moto sana, haoni mvuke." Nikamwambia mama ni wangu, namjua. Akasema, "Sawa, wifi."

Basi nikashinda. Nikafunga duka Mbeya, nikahamia Ipogolo, nyumba ikawa yangu na mama akawa wangu. Uji wa kwanza nikamuunguza midomo. Wa pili mzito. Wa tatu akausukuma, akauliza, "Yule mwenzako hajafika bado?" Na yale matuta mawili, wajukuu wa shetani, yakabeba! Yalibeba toka chini mpaka juu, wiki baada ya wiki, chini ya zile nguo. Kila nikichuma namletea mama, na kila akila anasema hizi tamu, mwanangu alikuwa na mkono mzuri. Mimi naosha sahani, natamani kuivunja.

Mwezi wa sita nilikwenda Kilolo. Msinisifu. Sikwenda kwa toba, nilikwenda kwa sababu mama alikuwa anakonda. Kulikuwa na baridi na ukungu umelala shambani, nuru nyeupe tupu, hakuna mti wenye kivuli. Nilimkuta anapalilia maharage. Alinisalimia vizuri, akanipa kigoda, yeye akaendelea kupalilia.

"Huku huna haja ya kupaka," nikasema, kwa kukosa la kusema.

"Ukungu bado upo. Ila siku hizi unachelewa kuja na kuondoka unawahi."

Nikamwambia mama anamuulizia. Nikamwambia arudi. Jembe likasimama.

"Umemwambia?"

 "Nimwambie nini?"

"Wifi. Povu lilikuwa bado kwenye mfereji."

Kumbe! Miezi yote ile! Wahenga walisema, akutendaye mtende, mche asiyekutenda. Nilimwogopa kweli, pale pale, kwenye maharage yake.

"Ulijua, na ukamwambia mama ni jua?"

"Ningemwambia nini?" Sasa alikuwa na hasira, na ndiyo mara ya kwanza naiona hasira yake. "Ningesema ni wewe, angekufukuza. Mama yule nimezika naye mwanawe mmoja. Nimnyang'anye na huyu aliyebaki? Kwa ajili ya nyanya?"

Watu wanasema kusamehewa kunaponya. Waongo. Kusamehewa na mtu usiyempenda ni kofi ambalo huruhusiwi kurudisha. Nilimchukia siku ile kuliko siku zote, kwa sababu alikuwa ameshika kitu changu na hakukivunja.

"Basi rudi," nikasema, "yameisha."

"Hayajaisha. Mama alitoa neno kwamba nyanya zikifa niende. Neno lake linasimama mpaka ajue zilivyokufa. Siku utakayomwambia, nitumie mtu, nitakuja na begi langu. Usipomwambia, unaniita kwa jina la nani?"

Akainama akaendelea kupalilia. Sikuagwa.

Njia nzima nilikuwa nasema leo namwambia, nikifika tu. Nilipofika mama alikuwa ameketi mlangoni, akasikia hatua zangu, akauliza, "Mko wangapi?" Nikasema niko peke yangu, mama. Nikasema wifi ana maharage, hawezi kuyaacha. Hilo ndilo nililosema.

Sasa ni mwezi wa tatu mwingine, nimeotesha nyanya upya, na mvua imekata tena. Leo asubuhi nilipepeta mchele, nikazichemsha chenga, nikachanganya na chokaa kama nilivyoona. Nikapanda ngazi ile ile na brashi ile ile. Najua kupaka sasa. Tabaka jembamba, usirudie mara mbili. Chini yangu vivuli vya majani vikawa vinafutika kimoja kimoja.

"Nani huyo juu?" mama akauliza kutoka mlangoni.

"Mimi, mama."

"Unasugua?"

"Napaka."

"Allah akulipe, mwanangu," akasema, na akasubiri niitikie amin.

Nikachovya brashi. Akasubiri, kichwa kakiinamisha upande wangu, mpaka akachoka akarudi kwenye tasbihi yake.